Mfupa wa Korongo la Leonard

Misigiri, Desemba 6

Inatangazwa kwa wote wanaohusika, na kwa wasiohusika pia maana hao ndio wengi, kwamba Chama cha Watafuta Mifupa ya Kale cha Misigiri, kilichokutana leo mbele ya banda langu la kuchaji simu, wajumbe watatu wakiwa wamehudhuria kati ya watatu, kimeazimia kwa kauli moja kwamba kuanzia sasa kitu chochote kitakachopigwa picha kitawekwa kando ya mche wa sabuni ya kufulia. Siyo kiberiti. Siyo kidole cha Antipasi. Sabuni.

Azimio limetokana na malalamiko. Kuna kundi la mtandaoni ambako huwa tunatuma picha ili wanaojua watutambulie vitu vyetu. Juzi mmoja wao alijibu kwamba jino tulilotuma linaweza kuwa la panya au la tembo, inategemea kidole kilicho pembeni ni cha nani.

Mwenyekiti wetu ni Mwalimu Benjamin, mstaafu, aliyefundisha jiografia mpaka sauti ikakauka. Antipasi ni mchimbaji mdogo wa dhahabu kule Sekenke, naye ndiye miguu ya chama, kwa sababu anashuka mlimani mpaka ukingoni mwa mbuga ya Wembere na anarudi na mifuko imejaa. Mimi Dorika ni katibu. Sikuchaguliwa. Simu zote zinalala kwangu.

Desemba 11

Mvua kutwa. Jua hakuna, kwa hiyo chaji hakuna, kwa hiyo sayansi hakuna.

Desemba 19

Mvua hizi zinakula makorongo ya chini na kutoa vitu. Antipasi ameleta miiba ya samaki iliyogeuka jiwe, na kitu cheusi chenye mikunjo ambacho Mwalimu anasema ni gego la mjusi mkubwa. Kila kitu kwa Mwalimu ni mjusi. Tangu utoto anaumia kwamba yule mjusi mkubwa wa kale aliyechimbuliwa kusini mwa nchi yetu yuko Ujerumani, na amejiapiza kwamba wa pili atabaki hapa kwetu Iramba.

Kundi la mtandaoni limejibu: "Gusisheni ulimi. Mfupa wa kale hunata, jiwe la kawaida halinati." Tukaangaliana. Mwalimu akasema yeye ana presha. Mimi nikasema nina wateja. Antipasi akalamba.

"Unanata," akasema.

"Una ladha gani?" akauliza Mwalimu, kalamu mkononi.

"Ya kulamba jiwe mbele ya watu."

Desemba 28

Tatizo la kipimo rasmi: nimefulia. Mche umepungua karibu nusu, na gego lilelile kwenye picha ya leo linaonekana limekua. Mwalimu amefurahi sana. Sijamweleza sababu.

Januari 8

Leo lazima niandike kirefu.

Antipasi amefika saa nne na bodaboda, amekumbatia kitu kwenye gunia kama mama aliyetoka kliniki. Ni mfupa mzima, mrefu kama mkono wangu kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha za vidole, rangi ya kahawa isiyo na maziwa, upande mmoja una kichwa cha mviringo kama kifundo cha rungu. Mzito. Ulikuwa umechomoza kwenye ukuta wa korongo, nusu nje nusu ndani, akauchokonoa kwa mtaimbo wake wa kazini.

"Korongo lipi?" nikauliza.

"Lile la chini ya shamba la Leonard."

Jina hilo hapa halitajwi hivihivi. Leonard alikuwa mume wa jirani yangu, mama Anastasia. Mwaka wa mvua ya El Nino alishuka Wembere kutafuta ng'ombe waliopotea. Ng'ombe walirudi wenyewe. Leonard hakurudi. Maji yalikuwa yamejaa mpaka miti inaonekana vichwa tu, na yaliposhuka hapakupatikana hata kandambili. Kwa kuwa hakuna aliyezikwa, hakukuwa na msiba, na kwa kuwa hakukuwa na msiba, mama Anastasia si mjane. Ni mke wa mtu aliyesafiri. Shamba la mume wake huko chini kwenye udongo mweusi analilima shemeji yake, mzee Simeoni, ambaye ukimuuliza anasema, "Kaka yangu akirudi atalikuta." Mwanamke anakodi robo eka ya watu wengine kando ya barabara huku shamba la nyumba yake linamtolea macho. Nikimwona Simeoni anapita na mikokoteni ya mavuno, huwa nageuka nikapanga chaja.

Basi tukapiga picha. Pande zote, na mche mpya wa sabuni. Hatukuzituma kwenye kundi. Mwanafunzi wa zamani wa Mwalimu ametupatia namba ya Dokta Cecilia, mtaalamu wa mifupa ya kale, tukamtumia yeye, pamoja na za miiba na lile gego. Alama moja tu ya kijivu. Hajaupata ujumbe.

Januari 10

Alama moja.

Januari 13

Antipasi ameharibu.

Aliuomba mfupa akaonyeshe wenzake machimboni. Sekenke kitu hakijulikani kwa kutazamwa. Jiwe likikutatiza unalivunja, unalisaga, unaliosha kwenye karai, na kinachobaki chini ndicho jibu. Ndivyo baba yake alivyofanya, ndivyo afanyavyo kila mtu kule. Wenzake wakamwambia jiwe la rangi hiyo lenye uzito huo haliwezi kuwa tupu. Akaona sawa. Akakata sehemu ndefu, akaipitisha kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, pamoja na mawe ya siku, akaosha.

"Umeona nini?" Mwalimu alimuuliza, sauti ndogo kabisa.

"Vumbi, Mwalimu."

"Miaka mamilioni, Antipasi. Umeitia kwenye karasha."

"Nusu tu. Kichwa nimekibakiza."

Amekiweka mezani kwangu, kile kifundo na shingo yake fupi. Kimekuwa kifupi, lakini bado kinataka mikono miwili. Mwalimu ameondoka bila kuaga.

Januari 14

Mama Anastasia alikuja asubuhi kuchaji simu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akawa anatafuta waya wake ndani ya kanga, halafu macho yake yakaangukia kwenye ule mfupa. Antipasi alikuwa amekaa kwenye benchi anakunywa uji. Mwalimu alikuwa amerudi, bado amenuna.

"Hilo ni paja," mama akasema.

Antipasi akashusha kikombe cha uji.

"Mmelitoa wapi?"

Ningeweza kusema ni la mbuzi. Antipasi, ambaye hajawahi kuwahi chochote, akawahi. "Kwenye korongo, mama. Chini ya shamba lenu."

Akakaa chini. Hakuangalia pa kukaa, alikaa tu, kwenye ndoo. Akanyoosha mikono nikampa. Akaupakata mfupa mapajani mwake, akasema maneno kwa Kinyiramba ambayo sitayaandika hapa maana hakuwa anasema nasi. Kisha akamtazama Mwalimu, kwa kuwa Mwalimu ni msomi.

"Mwalimu. Ni wa mtu?"

Nimemjua Mwalimu Benjamin miaka mingi. Anaweza kubishana na redio. Mtu huyu, ambaye juzi alikuwa ananithibitishia kwa kalamu kwamba mfupa huo ni wa mjusi, alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema, "Inawezekana, mama."

"Mbona mzito?"

"Wembere ina magadi. Magadi hugeuza vitu."

Nikasubiri mtu acheke. Kisha nikagundua kwamba hata mimi sicheki.

Januari 15

Antipasi hali chakula. Jana alitoka hapa akatapika nyuma ya choo cha soko. "Mama Chaji," ananiambia, "mimi nimemlamba."

"Ulilamba gego. Siyo huu."

"Na huu nililamba. Nilitaka kuhakikisha."

Januari 17

Antipasi amekwenda mwenyewe kwa mama Anastasia kuungama habari za karasha. Nilimsindikiza kwa sababu miguu yake ilikuwa haina uamuzi. Alipiga magoti mlangoni, mtu mzima na kofia yake ya mgodini, akasema yote: kukata, kusaga, kuosha.

Mama alikuwa anapepeta uwele. Hakuacha kupepeta.

"Mliosha?"

"Tuliosha, mama."

"Mkapata kitu?"

"Hapana, mama. Hamna."

"Basi ndiye," akasema. "Leonard hakuwa na kitu."

Alicheka peke yake, na sisi tukashindwa kujua kama tunaruhusiwa.

Januari 25

Alama moja ya kijivu. Natazama kila asubuhi kama mgonjwa anayetazama kidonda.

Februari 2

Jambo la kuandika: Leonard anarefuka. Kabla ya mwezi huu alikuwa mtu wa kimo cha kawaida, na ipo picha ya harusi kuthibitisha, anamzidi mkewe kwa kofia. Lakini kwa kuwa kichwa cha paja ni kikubwa, watu wameanza kukumbuka. Muuza nyama anakumbuka jinsi Leonard alivyokuwa akiinama kuingia buchani. Mwingine anakumbuka miguu yake ikiburuzika akipanda punda. Jioni hii amefikia kugusa kenchi za paa la kanisa.

Februari 6

Mzee Simeoni amekuja bandani. Hana simu ya kuchaji. Alisimama, akautazama mfupa, ambao mama ameniachia niutunze mpaka ukoo ukae, akaugusa kwa kidole kimoja. "Nani kasema ni kaka yangu?"

"Mama Anastasia."

"Na Mwalimu?"

"Mwalimu amesema inawezekana."

"Mm," akasema. Akaondoka. Nilimwona anahesabu ekari zake kichwani, au ndivyo nilivyomwandika hapa, na sioni sababu ya kufuta.

Februari 12

Mtendaji wa kijiji amekuja kuuona mfupa. Akauliza kama unanuka. Haunuki. Akasema ni wa zamani, mzikeni, lakini mkizika mniite, mambo ya msiba yasipite pembeni.

Mchungaji naye amekuja. Akaushika, akaupima mkononi, akanitazama, nikatazama chaja. "Nitamwombea Leonard," akasema. "Mfupa sitautaja."

Februari 21

Tumezika.

Sikutegemea watu wale wote. Wametoka Kiomboi, wametoka Shelui, na mabinti wa mama Anastasia wawili wametoka Ikungi na watoto wao. Vijana walichimba kaburi la kawaida, refu, kwa heshima ya kimo kipya. Mfupa ulikuwa umefungwa kwenye sanda nyeupe ndani ya kisanduku alichotengeneza fundi wa milango. Simeoni alisema atabeba yeye, asiguse mtu mwingine, na akabeba kutoka nyumbani mpaka kaburini, kwenye tope, anabadilisha bega kila baada ya nyumba kadhaa. Nilidhani ni uzee.

Kwaya iliimba. Mchungaji alifanya kama alivyoahidi. Kisanduku kiliposhuka, Simeoni alilia kwa sauti, na mimi katika akili yangu nikasema, naam, lilie shamba lako.

Mama Anastasia hakulia hadharani. Alikaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, amefungwa kitambaa, kila anayeingia anaanza kwake na kumpa pole. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeitwa jina lake sawasawa baada ya watu kulikosea miaka mingi.

Antipasi alikuwa wa kwanza kufukia na wa mwisho kuacha koleo.

Februari 22 mpaka 24

Matanga. Ubwabwa. Nimefunga banda.

Machi 9

Ukoo umekaa. Mjane amepewa shamba la mumewe lote, mpaka korongoni. Simeoni hakubisha. Kutobisha kwake kumenisumbua kuliko kubisha.

Machi 20

Mama Anastasia ameshuka chini na mabinti zake kupanda dengu. Mvua zinakwisha, udongo mweusi umeshika maji, ndio wakati wake. Amerudi na tope mpaka magotini na hajaliosha, amepita nalo barabara nzima.

Machi 31

Chama hakijakutana tangu msiba. Nilimkuta Mwalimu ananunua mafuta ya taa. "Dorika, lile jambo," akaanza. Kisha akasema bei ya mafuta imepanda.

Aprili 16

Alama mbili.

Aprili 17

Dokta Cecilia ameandika. Nanakili:

"Habari Mama Dorika. Samahani sana, nilikuwa porini kusikokuwa na mtandao, nimerudi jana. Miiba ni ya samaki, jino ni la tembo wa kale, hongereni. Mfupa mrefu ni paja la kiboko, mguu wa nyuma, kushoto. Umegeuka jiwe, ni wa kabla watu hawajakuwepo. Tafadhali msiuoshe wala kuukata. Uko wapi sasa?"

Nilisoma nikiwa nimesimama. Nikakaa. Nikasoma tena nikitumaini kukaa kutasaidia. Kisha nikaita kikao cha dharura.

Mwalimu alisoma mara mbili, miwani juu, miwani chini. "Mwandikie umepotea."

"Andika nusu ndiyo imepotea," Antipasi akasema. "Hapo hutakuwa umedanganya."

"Akija kuufuata?" Mwalimu akauliza.

"Atachimba kaburi la Mlutheri? Hana ubavu."

Lakini Antipasi alikuwa anatabasamu, na nikamuuliza kinachomfurahisha.

"Sikumsaga mtu," akasema. "Mama Chaji, tangu Januari nalala nikimsaga mtu." Akaagiza chapati nne, akala zote.

Mwalimu hakula. Alisema jambo ambalo sikutarajia kulisikia kinywani mwake: "Mimi nilijua kwamba sijui." Kisha akasema mama asiambiwe, kwa sababu akiambiwa ukoo utajua, na ukoo ukijua, kaburi ni la kiboko, na kaburi likiwa la kiboko Leonard amesafiri tena, na shamba limerudi kwa Simeoni, na dengu zimetoa maua.

Aprili 18

Nimemwambia. Kama ningengoja nisingemwambia kabisa.

Alikuwa anachambua mlenda uani. Nilimsomea ujumbe wote, hata pale pa hongereni. Aliendelea kuchambua mpaka majani yakaisha.

"Kiboko," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Dume?"

"Hajasema."

Akafikiri. "Wale waliokula wali pale, watarudi kula tena siku akipatikana mwenyewe?"

"Sidhani, mama."

"Hata mimi sidhani." Akapangusa mikono. "Leonard alikufa, mwanangu. Hilo nililijua maji yalipokauka. Mimi nilitaka tu na wengine wajue. Sasa wanajua, na ni kweli. Mfupa ndio uliokuwa wa uongo."

Nikapumua. Nikadhani limekwisha.

"Lakini kesho nakwenda kwa shemeji. Nisipomwambia, dengu zile nitazivuna kama mwizi. Utanisindikiza."

"Mama, atalichukua shamba."

"Alichukue nikiwa nimesema."

Aprili 19

Simeoni alikuwa mbele ya nyumba anashona magunia ya alizeti. Mama alimwamkia, akakaa kwenye kigoda, akasema yote bila kupamba. Mimi nilishika simu kama mtu aliyeshika kielelezo mahakamani. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Sindano ilikuwa inaingia na kutoka.

"Shemeji," akasema mwishowe, "aliyebeba alikuwa nani?"

"Wewe."

"Basi. Nimezika wazazi wangu wote, na mwaka ule tulipohamisha makaburi kupisha barabara nilibeba mifupa yao kwenye mikono hii. Mfupa wa mtu ni mwepesi kama kuni kavu. Ule ulinikata bega. Tulipofika mwembeni kwa Yasinta, nusu ya njia, nilishajua kwamba nimebeba kitu kingine."

"Ukanyamaza," mama akasema.

"Nigeuze msiba? Watu wamefika kutoka Shelui. Na mimi nilikuwa nimeanza kulia. Mlidhani nalilia kiboko?"

Aliniangalia mimi aliposema hivyo. Nikatazama kuku.

Mama akauliza habari ya shamba, waziwazi, linarudi au halirudi.

"Lile shamba nilikuwa nalima nikisema namshikia," Simeoni akasema. "Ukigawa shamba la mtu, umesema amekufa. Mimi sikutaka kuwa wa kwanza kusema. Ulipokuja na mfupa ukasema wewe." Akakata uzi kwa meno. "Vuna dengu zako, shemeji. Ukikosa magunia njoo."

Tukanywa chai. Jioni nimefungua kurasa za nyuma kusoma niliyoandika juu ya mzee huyu. Sijafuta. Pembeni ya Februari nimeandika: tazama Aprili.

Aprili 20

Mvua ya mwisho, nafikiri. Ni kidogo, na ina jua ndani yake.

Aprili 22

Chama kimekutana, wajumbe watatu kati ya watatu, na mgeni mwalikwa mmoja, mama Anastasia, ambaye ndiye mwenye mamlaka ya mfupa. Swali mezani: tumjibu nini Dokta. Mwalimu sasa amegeuka. Anasema hiki ni kitu cha taifa, kina miaka mamilioni, na kikundi chetu kitaandikwa jina. Akazungumza vizuri mpaka nikaona makumbusho, na taa, na kibao kimeandikwa Misigiri. Antipasi akasema kama ni kuchimba yeye yuko tayari, ila safari hii mchungaji awepo.

Wote tukamgeukia mama.

Akasema ikiwa Serikali inautaka, atautoa mwenyewe, mchana, watu wakiona, na Simeoni atakuwepo, na mle kaburini wataweka kofia ya Leonard iliyobaki nyumbani. "Mwambie ukweli. Mwambie umezikwa, na aliyezikwa ana jina."

Nikaandika ukweli wote. Ulikuwa mrefu kuliko jumbe zangu zote za mwaka. Nusu iliyosagwa nimeieleza kwa sentensi moja. Nikatuma saa kumi. Alama mbili papo hapo.

Usiku wa leo hakuna atakayelala vizuri hapa.

Aprili 23

Dokta Cecilia amejibu. Anampa pole mama Anastasia. Anasema tusisumbuke kuufukua, maana ukitazama kichwa cha mfupa kiboko yule alikuwa ndama, na mapaja ya ndama kule makumbusho wanayo rafu mbili, mengine bado yako kwenye maboksi.